Kabisa au Kiasi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Amejibu! Siku nane nimetembea na simu mfukoni kama mtu aliyebeba yai. Leo saa nne asubuhi, nikiwa nampiga mteja picha ya pasipoti, ikalia. Nikamwacha mteja ameganda, kidevu juu.

Ni Tusekile. Kaandika: "Jairo, I quite like you. We shall talk on Saturday."

Nimesoma mara ishirini. "I" ni yeye. "Like" ni kupenda. "You" ni mimi. Lakini hilo "quite" lililokaa katikati yetu, ni nani?

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Tusekile ni bibi shamba wa chai kule kwao Ikuti. Kila Alhamisi alikuwa anakuja dukani kwangu hapa Bulyaga kutoa kopi za fomu za wakulima. Nilikuwa nakunja pembe ya karatasi makusudi ili mashine ikwame. Ikikwama, anakaa. Akikaa, anasimulia: ukungu wa mashambani, wazee wanaomwita "mwanangu wa majani", chai isiyotaka kuchumwa na mtu mwenye hasira. Siku moja niliikwamisha saa mbili nzima. Sijapata tena saa mbili kama zile.

Mwezi wa kumi akapelekwa Sri Lanka kusomea chai. Miezi minane! Siku ya kuaga alisema tuandikiane Kiingereza ili ajizoeze, kwa kuwa mimi ni mjuzi. Mlangoni kwangu pameandikwa TUNATAFSIRI BARUA KWA KIINGEREZA. Anayetafsiri ni simu. Mimi nagonga muhuri. Ningesema siku ile, yangekwisha siku ile. Nikasema, "No problem."

Jumapili ya juzi nikajikaza nikamwuliza kama akirudi nitume mshenga kwa baba yake. Jibu ndilo hili. Jumamosi anashuka stendi ya Tukuyu. Nina siku tano za kujua kama napendwa.

Kumwuliza mwenyewe? Mtafsiri wa barua amwulize msomaji maana ya neno? Thubutu!

Mteja wa pasipoti alikuwa bado ameganda. Nimempa picha bure.


Jumanne, 10 Juni

Nimeiuliza simu. Ikasema: "Ninakupenda kabisa." Kabisa! Nilitoka nje kwenye manyunyu bila sweta. Mlima Rungwe ulikuwa umejifunika wote, sikuuona, lakini nilijua uko pale na unafurahi.

Kisha nikafanya kosa. Nikavuka barabara kwenda kwa Naseeb.

Naseeb ni fundi simu. Babu yake alitoka Kilwa na mzigo wa vitambaa, akaoa hapa, akazikwa hapa. Naseeb mwenyewe ana fulana safi kila siku, ana kioo kirefu ndani ya duka, na ana tabia ya kunitazama kwa huruma. Tusekile alikuwa akitoka kwangu anapita kwake kubadilisha kioo cha simu. Vioo vitatu kwa mwaka! Nani anavunja vioo vitatu?

Nikamwambia kwa mzaha tu, ajaribu sentensi hiyo kwenye simu yake. Hakuuliza ya nani. Simu yake ikasema: "Ninakupenda kiasi."

Kiasi.

Nikamwambia simu yake ina virusi. Akasema, "Inawezekana, braza," kwa ile huruma yake. Nikarudi dukani, nikafungua kamusi kubwa ninayoiweka juu ya meza ili wateja waione. Sikuwahi kuifungua. Karatasi zilikuwa zimeshikana. Quite: moja, kabisa, mbili, kiasi, kidogo.

Kitabu kizima kilichoandikwa na watu wenye digrii, na hawakuweza kuamua! Ni kama daktari akuambie umepona au hukupona.

Nimekula ugali wa baridi. Nimemkumbuka alivyokuwa akipuliza vidole baridi ikizidi, kisha anaviweka juu ya mashine ya kopi ili vipate joto. Mashine ile ikizunguka sasa inanikera. Inapasha nini?


Jumatano, 11 Juni

Nimefunga duka asubuhi, nimekwenda Msasani, ile ya hapa hapa Tukuyu, kwa Mwalimu Ambwene. Amefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja, sasa amestaafu na anafundisha migomba. Nikamwambia mteja wangu mmoja ana tatizo la neno. Akaniangalia juu ya miwani. Akasema mteja wako aingie ndani, kuna baridi.

Akaeleza. Nilinakili yote. Kitu kisicho na nusunusu, quite yake ni kabisa: ndoo imejaa, mtu amekufa, umekosea. Kitu chenye ngazi, quite yake ni kiasi: chai ya moto, mtoto mrefu, nyumba nzuri. Nikauliza, je, kupenda? Kupenda kuna nusunusu au hakuna?

Mwalimu akaangalia upande wa jikoni, ambako mkewe alikuwa anamenya ndizi. Akasema, kwa sauti ya chini, swali hilo halikuwahi kutoka kwenye mtihani.

Baadaye akasema mara nyingi ni kiasi, ila sauti hubadilisha. Ukilibonyeza "quite", unapunguza. Ukilipita haraka ukabonyeza "like", umependa kweli, tena kwa kushangaa mwenyewe. Na zaidi ya hayo, Mwingereza akilitumia anapunguza, Mmarekani akilitumia anazidisha.

Kwa hiyo nahitaji kuisikia sauti yake! Mpango mzuri kuliko yote niliyowahi kubuni. Saa saba mchana nimempigia. Alipopokea tu, nikasahau nilichopigia. Akaita, "Jairo? Jairo, upo?" Nikasema nipo. Nikamwomba anisomee ule ujumbe, nataka kusikia Kiingereza chake kimefikia wapi. Akacheka. Kicheko kilekile, kinachoanzia puani. Akasoma: "Jairo, I qu—" ikakwama, ikakwaruza, "—you. We shall talk on Saturday."

Nikamwomba arudie. Laini ikakatika.

Nimekaa na simu sikioni hadi sikio likapata joto. Lakini kicheko nilikipata. Sitakigawa kwa mtu.


Alhamisi, 12 Juni

Alhamisi! Siku yake. Kila Alhamisi mlango ukifunguka moyo unaruka, kisha ni mtu anataka kulaminishiwa cheti cha ubatizo.

Nimeamka na mpango wa kisayansi. Nitamwuliza kuhusu vitu ambavyo kipimo chake nakijua. Akitumia neno lile, napima, najua.

Nimemwandikia: vipi mvua ya huko? "Quite heavy." Hasara, mvua ya Sri Lanka siijui. Nikauliza mkufunzi wake ni wa wapi. Akasema walikuwa wawili, wa kwanza Mwingereza, wa pili Mmarekani. Mungu wangu!

Ndipo nikapata la uhakika. Nikauliza, unakumbuka Tukuyu mwezi wa sita ilivyo? Akajibu: "Yes! Quite cold."

Nikavua sweta, nikavua na shati, nikasimama uani na singlendi, mikono imenyooka, nikahesabu hadi mia tano. Mvuke ulitoka mdomoni. Vidole vilikufa kimoja kimoja. Mama muuza maandazi akauliza kama nimeokoka. Nikamjibu huku meno yanagongana: ni kabisa, mama, ni kabisa! Kwa kanuni ya Mwalimu baridi ina ngazi, lakini Mwalimu alikuwa amevaa koti.

Ninapendwa kabisa! Dakika kumi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani.

Kisha, sijui shetani gani alinituma, nikaongeza swali: na Naseeb unamkumbuka? Nilitaka aseme hamkumbuki. Akajibu: "Of course! Naseeb is quite funny."

Quite! Neno langu! Neno ambalo nimepata nalo homa, limekwenda kwa Naseeb! Na kama ni kabisa kwangu, basi ni kabisa kwake. Naseeb ana kichekesho kimoja tu, cha mtu aliyeleta rimoti atengenezewe kama simu, nimekisikia mara sita.

Nikaona sasa nahitaji neno kubwa, litakalomfunika Naseeb na vioo vyake. Simu siiamini tena. Nimetumia akili yangu. Hard ni ngumu, kwa nguvu. Beautiful, beautifully. Slow, slowly. Basi, hard, hardly. Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, bila msaada wa mtu, mara ya kwanza kwa miezi minane:

"Tusekile, I hardly love you."

Nimetuma. Saa kumi na dakika tano. Hatimaye moyo wangu umesema kwa sauti yake.


Ijumaa, 13 Juni

Tiki mbili za buluu. Amesoma. Hajajibu.

Asubuhi nilisema amezidiwa na furaha. Saa tano nikasema anatafuta maneno. Saa nane nikaanza kufagia duka ambalo lilikuwa limefagiliwa.

Saa tisa nikakimbia Msasani. Mwalimu Ambwene alikuwa anakata majani makavu ya mgomba. Nikamwonyesha ujumbe, nikamwambia ni wa mteja. Alisoma. Akavua miwani, akakaa juu ya gogo.

"Jairo," akasema, "umemwambia humpendi."

Nikasema haiwezekani, ni kwa nguvu. Akasema hard ni kwa nguvu, lakini hardly ni kwa mbali, kwa shida, hatua moja kabla ya hapana. Nikauliza kwa nini Waingereza waliliweka hivyo. Akasema hawakunisubiri.

Mvua ikaanza, hakuna aliyeinuka. Niliwaza yuko njiani sasa, ndegeni au kwenye basi, na maneno yale mkobani. Amevuka bahari na mimi simpendi.

Mwalimu akanishauri kitu rahisi. Nimwandikie kwa Kiswahili: mimi sijui Kiingereza, nisamehe, nakupenda. Nilihesabu. Maneno matano. Akasema hayo matano yatamaliza kila kitu.

Ni ushauri wa mtu aliyestaafu. Nimwambie sasa kwamba miezi minane alikuwa anaandikiana na simu? Nilimwuliza kama hakuna neno zuri lenye sura ya hardly. Akafumba macho. Akasema, kwa kuchoka sana, lipo "heartily", kwa moyo wote.

Kwa moyo wote! Nitasema simu ilibadilisha herufi! Nilimshika mkono Mwalimu. Hakuushika wa kwangu.


Jumamosi, 14 Juni

Basi lilikuwa lifike saa tisa. Nilifika stendi saa sita, nimevaa koti jeusi la msiba wa mjomba. Saa kumi na moja likaingia, limetapakaa tope hadi madirishani.

Na nani alikuwa pale na mwavuli? Naseeb! Kumbe Tusekile alimwandikia jana, simu ikikaribia kuzima, amletee chaja, yake imekufa safarini. Kumbe ndiyo maana simu ilinyamaza tangu jana asubuhi. Nilitaka kufurahi na nilitaka kumsukuma mtaroni. Alimpa chaja, akamuuliza habari za shangazi yake, akanipa mwavuli wake mimi, akaondoka na mvua kichwani. Huruma ile tena.

Tusekile amekonda. Ana kovu jipya dogo kidoleni, la kisu cha kupogolea. Tulikaa mgahawa wa jirani. Akaletewa chai, akainusa kabla ya kunywa, akasema jani hili limekaushwa kwa haraka. Halafu akaweka kikombe chini.

"Jairo, unanipenda kwa shida?"

Nikacheka kicheko nilichokifanyia mazoezi. Nikasema, simu hizi! Niliandika heartily, ikabadilisha yenyewe. Alinitazama muda mrefu. Nilihisi anaisoma ngozi ya uso wangu mstari kwa mstari.

"Sawa," akasema.

Kisha, bila kuulizwa, akaniambia kuhusu lile neno. Kwamba aliandika sentensi ile mara nyingi akafuta. Aliogopa kusema sana, akirudi nikawa nimebadilika. Aliogopa kusema kidogo, kwa kuwa si kweli. Akachagua neno lenye milango miwili.

"Nikasema, Jairo ataniuliza ni mlango upi. Nilikuwa nakungojea uniulize. Wewe ukaniuliza habari za mvua."

Hapo ndipo ningesema. Mate yalikuwa mdomoni, maneno matano yamejipanga. Nikasema sikuuliza kwa sababu kwa mjuzi wa lugha, lilikuwa wazi.

Akageukia dirisha. Nje hapakuwa na cha kutazama, ukungu tu. Akasema kesho nije kwao Ikuti baada ya ibada, mimi mwenyewe kwanza, mshenga baadaye. Atamweleza baba yake asubuhi. Wakiwa tayari atanitumia ujumbe.

"Nikuandikie Kiswahili?" akauliza. Aliuliza polepole sana.

"Kiingereza tu," nikasema. "Kwangu ni kama maji."


Jumapili, 15 Juni

Naandika jioni, mikono bado inanuka moshi wa jikoni kwao.

Saa tano na nusu ujumbe uliingia: "We are nearly ready." Kamusi ilikuwa tayari mapajani. Nearly: karibu. Karibu, tuko tayari! Wazi kama mchana! Nilipanda pikipiki, koti jeusi, viatu vimepigwa kiwi. Mashamba ya chai yalikuwa yamelowa, kijani inayoumiza macho. Kila kona nilisema, hapa alipita akiwa mdogo na kikapu mgongoni.

Nikaingia uani nimenyoosha mkono kama mgeni rasmi.

Mama yake alikuwa anafukuza kuku. Kuku alikuwa mzima na mwenye mbio. Tusekile alikaa kwenye kigoda, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Baba yake, Mzee Ackson, alikuwa mbele ya kioo cha dirishani, na singlendi, povu la sabuni shavu zima, wembe hewani. Akaliona koti langu. Akashika moyo.

"Amefariki nani?" akauliza.

Nikasema hakuna, Baba, nimekaribishwa. Tusekile akafunika ile nusu ya kichwa kwa kanga.

"Jairo! Nimekwambia nearly!"

"Ndiyo," nikasema. "Karibu. Na mimi nimekaribia."

Hata kuku alisimama. Nikaona uso wake unahesabu: nearly, hardly, mvua ya Sri Lanka, miezi minane yote. Nikangoja hasira. Akaanza kucheka. Puani kwanza, kisha mabega, kisha akateleza kutoka kwenye kigoda akakaa chini kwenye majani ya mgomba, machozi yanatoka.

"Hujui Kiingereza," akasema.

"Kidogo," nikasema.

"Jairo."

"Sijui."

Nilidhani dunia itaanguka. Mgomba ulidondosha maji tu. Tusekile akajifuta macho, na alipoyafungua tena hayakuwa ya mzaha.

"Sasa niulize," akasema. "Kwa lugha unayoijua."

Nikauliza, mbele ya baba mwenye povu na mama mwenye kuku. Nikauliza, "Tusekile, unanipenda kiasi gani?"

Akamtazama mama yake. Akanitazama. Akajibu kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya nyumbani ambayo sikuwahi kuisikia dukani.

"Fijo."

Ndiyo "sana" yetu sisi Wanyakyusa. Mama yake akaguna, akageuza uso kuficha tabasamu. Mzee Ackson akasuuza shavu moja, akasema huyo wa koti la msiba apewe kigoda, akae, angoje kuku aive kama watu wengine, na mazungumzo yatakuwa baada ya kula. Nikapewa kuku nimshike miguu. Nilimshika kama cheti. Tukala. Tukazungumza. Mshenga aje mwezi wa saba.

Siku nzuri kuliko zote za maisha yangu! Nimerudi naimba kwenye pikipiki. Nimempungia hata Naseeb.

Ila sasa nimekaa, nimewasha taa, nawaza.

Fijo. Sawa. Lakini mtu akikusogezea chumvi, si unamwambia ndaga fijo, asante sana? Leo Mama yake aliniambia ndaga fijo kwa kumshika kuku. Hii fijo ya Tusekile ni ileile ya chumvi na kuku, au kuna nyingine? Aliivuta mwishoni au aliikata? Mbona alimtazama mama yake kwanza?

Simu haijui Kinyakyusa. Kamusi haina. Kumwuliza mwenyewe siwezi, atadhani hata Kinyakyusa sijui.

Kesho alfajiri nawahi Msasani kwa Mwalimu Ambwene. Nitasema ni mteja.